Yah: Ombi la Vitunguu Swaumu vya Mbulu Kutambuliwa Kuwa Silaha

Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Biashara Duniani,
Geneva.

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wakulima wa vitunguu swaumu wa Bashay, wilayani Mbulu, tulijiona watu wa jembe tu. Kumbe tunalima silaha! Habari hizi zilitufikia Desemba 2023, seneta Rick Scott wa Florida alipoitaka serikali yake ichunguze vitunguu swaumu vya China kama tishio kwa usalama wa taifa. (Wiki hiyo jirani zetu wa Hanang walikuwa wakifukua maiti kwenye tope lililoporomoka mlimani hadi Katesh. Mtuwie radhi tulipochelewa kushtuka.)

Hatumlaumu seneta. Marekani ilivipiga vitunguu hivyo ushuru wa hadi asilimia 376 tangu 1994, na vita vya ushuru vya 2018 vikaongeza mwingine juu yake. Ila China huzalisha takriban robo tatu ya vitunguu swaumu vyote duniani, na shehena iliyokataliwa bandari moja haimwagwi baharini. Nenda Kariakoo ukavione: vyeupe, punje nene, humenyeka upesi. Vyetu ni vidogo, vikali, vinamliza mmenyaji. Mama ntilie ana wateja wanasubiri. Unadhani atachagua uzalendo? Kisha dalali anapanda Bashay kudai lumbesa kwa bei ya gunia, na tukilalamika tunashauriwa tuongeze ubora.

Wakubwa tunawafahamu. Kule Basotu, Hanang, msaada wa Kanada ulililetea shirika la umma la NAFCO matrekta ya ngano, na malisho ya Wabarbaig, ekari kama laki moja, yakageuka mashamba. Kijiji cha Mulbadaw kilishtaki, kikashinda Mahakama Kuu, kikashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Afadhali wao, walikuta majaji. Viti vyenu vya rufaa ni vitupu tangu mwishoni mwa 2020, kwa kuwa Marekani imegoma kuidhinisha majaji wapya. Sasa China ikimshinda Marekani, au Marekani ikimshinda China, sisi tukate rufaa kwa nani?

Kwa hiyo tunaomba fomu ya kusajili silaha zetu. Ikiwa ya Kiingereza si neno, afisa ugani atatujazia siku akipata mafuta ya pikipiki.

Wenu katika ujenzi wa soko huria,
Wakulima, Bashay.

Nakala: Ubalozi wa Marekani, Ubalozi wa China, dalali wetu (kwa taarifa, asipandishe ushuru).