Mtani, Kabla Hujalipa: Mambo Saba ya Bunduki Fupi ya Dubu

Picha uliyonitumia kutoka Anchorage nimeiona: bunduki ya wenzo, mtutu mfupi, imefunguliwa vipande viwili juu ya kaunta, na kidole chako pembeni kinaionyesha kama pete ya uchumba. Unauliza, ununue au uache? Mhehe anamuuliza Mngoni habari za bunduki! Babu zako pale Lugalo, Agosti 1891, walizichukua za Wajerumani kwa mamia, na hawakumwomba mtu ushauri. Ila umeuliza, na mimi nimebeba bunduki ya .458 miaka kumi na moja nikifuata nyati Selous. Basi nakuhesabia kutoka saba kushuka hadi moja. Kaa chini, weka chai.

7. Hadithi za muuzaji

Atakuambia Theodore Roosevelt alishuka Mombasa Aprili 1909 akiwa na Winchester ya wenzo ya .405, na simba akawapiga nayo. Kweli kabisa. Lakini Roosevelt alikuwa na wapagazi zaidi ya mia mbili nyuma yake. Wewe una begi la mgongoni na shemeji yako anayekimbia mbu.

6. Risasi yenyewe ni bibi kizee, tena mwenye nguvu

Hiyo .45-70 ya bunduki yako ilianza mwaka 1873, risasi ya jeshi la Marekani: upana wa sehemu 45 za mia za inchi, baruti nyeusi uzito wa greni 70. Ukipima risasi inayotoka mtutuni, upana wake ni uleule wa ile .458 niliyokuwa namchapia nyati. Kwa hiyo usidhani nakudharau nikikwambia ni ya zamani. Ni mama mkwe wa risasi: anatembea polepole, lakini akifika kila mtu anasimama.

Sasa sikiliza vizuri, hapa sitaki utani. Risasi za jina hilohilo huuzwa kwa nguvu tofauti. Kuna laini, kwa ajili ya bunduki kongwe za 1873. Kuna kali, kwa bunduki za wenzo za kisasa kama Marlin 1895. Kuna kali zaidi, za bunduki imara za risasi moja moja. Soma boksi kila unaponunua. Na kwa kuwa kwenye mrija ulio chini ya mtutu risasi hulala foleni, ncha ya hii ikigusa fataki ya iliyo mbele yake, tafuta zenye ncha bapa, au zile za Hornady zenye ncha ya plastiki laini. Ncha kali ya chuma humo ndani ni balaa.

Kuhusu umbali, usiitume mbali. Ukirekebisha vilengeo kwa yadi 100, risasi nzito ikifika 200 imeshashuka zaidi ya futi moja. Dubu wa yadi 200 hana ugomvi na wewe. Mwache achume matunda yake.

5. Vipande viwili

Hapa ndipo roho yako ilipo, najua. Wazo si geni: Winchester ya 1886, kazi ya John Browning, iliuzwa hata kwa muundo wa kufunguka tangu karne ya kumi na tisa. Pale Anchorage penyewe Wild West Guns wanaichukua Marlin 1895 na kuikata iwe hivyo. Wameiita Co-Pilot, rubani msaidizi, na jina limetulia: Alaska huko unakokwenda hakuna barabara, kuna ndege ndogo ya kutua majini, na kila mzigo unapimwa. Bunduki inayoingia kwenye begi ndiyo inayosafiri. Ile ndefu hubaki nyumbani ikilinda kabati.

Swali langu ni moja: vilengeo vimekaa wapi? Cha mbele kiko mtutuni. Cha nyuma kikiwa mtutuni pia, utafungua na kufunga mara mia na viwili hivyo vitabaki pamoja. Kikiwa kwenye mwili wa bunduki, au ukiweka darubini hapo, basi ulengaji wako unategemea maungio yakae palepale kila mara. Fundi mzuri anaweza hilo. Usimwamini kwa mdomo: ipige shabaha, ifungue, ifunge, ipige tena. Matundu yakihama, rudisha. Uchumba ukiwa na shaka mapema, mahari hurudi.

4. Inchi kumi na sita

Sheria ya shirikisho ya 1934 inataka mtutu wa raifo usipungue inchi 16, la sivyo uisajili kipekee. Hiyo yako ina 16 na robo. Usimruhusu fundi yeyote aipunguze "kidogo tu".

3. Mfuko

Kazi ya fundi inaizidi mbali bei ya Marlin ya kawaida. Guide Gun ya Marlin, yenye mtutu mfupi, ipo tangu 1998, haifunguki, na kwa mtu anayevua samaki kando ya barabara ya Kenai inatosha na kubaki. Kama ndege unapanda mara moja kwa mwaka, chukua hiyo, na salio nunua risasi za mazoezi. Nami nitumie la ulanzi.

2. Kopo la pilipili kwanza

Mwaka 2008 watafiti Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao walichapisha uchambuzi wa matukio ya Alaska ya 1985 hadi 2006: dawa ya pilipili ilimzuia dubu wa kahawia katika asilimia 92 ya matukio. Kopo ni jepesi, halihitaji shabaha ya sindano, na dubu anabaki hai. Kwenye ndege, rubani ataliweka ndani ya maboya, si miguuni pako. Na ukimuua dubu kujihami, ngozi na fuvu ni vya jimbo: unamchuna mwenyewe, unavikabidhi, unaandika taarifa ndani ya siku 15. Umempiga, umemchuna, umembeba, na zulia hupati!

1. Bega lako

.458 yangu ilikuwa na kilo nne na ushei, na jioni nilikula ugali kwa mkono wa kushoto. Hiyo yako ina kama kilo tatu, na risasi kali. Itakupiga teke la punda wa Isimani. Teke si aibu, mtani. Aibu ni kununua, kupiga mbili, kuogopa, na kuitembeza miaka mitano bila kuigusa. Mtu anayelisubiri teke hufumba macho kabla ya kufyatua, na anayekoki wenzo nusu njia hukwamisha ganda.

Kwa hiyo usilipe kesho. Tafuta kiwanja cha shabaha wanakokodisha kama hiyo, ziba masikio vizuri, piga laini tatu, halafu kali tano, ukikoki bila kuishusha begani. Kisha nipigie simu, usiku wowote, uniambie ile ya tano imetua wapi.