Mashabiki wa Laini Mbili

Ukitaka kupoteza marafiki hapa kijijini Mnyambe bila kukopa hela ya mtu, shabikia timu ya Kusini. Sisemi kuishabikia kwa adabu, kupiga makofi ikishinda na kujifanya hukusikia redio ikifungwa. Nasema kuishabikia yenyewe peke yake, bila Simba pembeni wala Yanga ya akiba. Watu wa aina hiyo hapa kwetu tunatosha kwenye bodaboda moja, na dereva atakuwa Yanga.

Waliobaki wote ni laini mbili. Laini ya kwanza, ile inayowekwa vocha kila siku, ni Simba au Yanga. Laini ya pili ni Namungo ya Ruangwa, inayowashwa pale ile ya kwanza ikikosa mtandao. Wiki nzima utamsikia mtu kijiweni akijipiga kifua: "Sisi Wauaji wa Kusini!" Subiri Simba waje Ruangwa. Uwanja wa Majaliwa unageuka mwekundu mpaka unadhani umekosea njia ukatokea Msimbazi, na muuaji wako wa Kusini yumo humo humo, amevaa jezi ya wageni, anakushangaa wewe unayeumia kwa bao la kwanza. Mpwa wangu huwa ananiaga kabisa siku mbili kabla: "Mjomba, hii usinihesabu." Kama vile anakwenda msibani.

Mimi nilianza na Ndanda ya Mtwara. Tarehe 20 Septemba 2014, siku ya kwanza kabisa ya Ndanda kwenye Ligi Kuu, vijana walikwenda Shinyanga wakaifunga Stand United mabao 4-1 nyumbani kwake. Matokeo ya wengine yalipoingia tukaonekana tuko juu ya msimamo. Juu ya Azam, juu ya Simba, juu ya Yanga iliyolala kwa Mtibwa siku hiyo hiyo. Nilitaka ligi isimamishwe pale pale kwa sababu za kiusalama. Haikusimamishwa. Tangu hapo sijauona tena msimamo ule, ila naweza kukutajia timu zilizokuwa chini yetu kwa mpangilio, hata ukiniamsha usiku.

Baada ya hapo tukaingia kwenye utamaduni wetu halisi, ambao ni mahesabu. Wenye timu kubwa hawayajui haya mambo. Wao hesabu yao ni moja, kujumlisha makombe. Sisi, mwezi wa nne ukigonga, karatasi inatoka. Tukishinda hii ya nyumbani Nangwanda, tukaambulia sare ugenini, Prisons wakafungwa na Coastal, na wale wa Mwanza wakafungwa kuanzia bao mbili, tunabaki. Yupo mzee mwenzetu ambaye hesabu za darasa la saba zilimtoa shuleni, lakini tofauti ya magoli ya timu ya kumi na nne anaijua kuliko umri wa wanawe.

Ubaya wa mahesabu ni kwamba yanakudhalilisha. Ili Ndanda ibaki, mara nyingine inabidi Yanga imfunge mtu fulani, na imfunge vizuri. Nikajikuta nimekaa kwenye kibanda umiza naomba Yanga wapate penalti. Mpwa wangu akanitazama akatabasamu: "Nisalimie Jangwani, mjomba." Sikulala.

Kwa mahesabu hayo tulibaki Ligi Kuu misimu 6. Mwaka 2020 ndipo karatasi ilipogoma. Ligi ilisimama mwezi Machi kwa sababu ya korona, ikarudi Juni, na katikati tukapata muda wa kupiga hesabu kuliko wakati wowote katika historia ya klabu. Tulipiga za kila aina. Tukashuka na Lipuli, Alliance na Singida United. Msimu huo huo Namungo, waliokuwa ndiyo kwanza wamepanda, wakamaliza nafasi ya 4. Kusini tukapandisha mmoja kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ukamwachia mwingine.

Nikahamia Namungo, na hapo ndipo kelele zilipoanza. "Wewe Mmakonde wa Mnyambe na timu ya Wamwera wapi na wapi?" Na mpwa wangu, ambaye hata Ruangwa amefika kwa ajili ya Simba tu: "Mjomba, Ndanda na Namungo, si nawe una laini mbili?" Nikamjibu kwamba mtu aliyepoteza simu akarudishiwa laini yake haitwi mwenye laini mbili. Wenye akili walinielewa. Walikuwa wachache.

Namungo nao hawakuniacha nipumzike. Mwaka ule ule waliingia fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Simba, nayo ikapangwa Sumbawanga. Tazama ramani, utaona kwamba kutoka ukingo huu wa nchi unaotazama Msumbiji huwezi kwenda mbali zaidi bila kutumbukia Ziwa Tanganyika. Tukafungwa 2-1. Lakini kwa kuwa Simba walikuwa na ubingwa wa ligi, sisi tukaenda Afrika kwa tiketi ya kufungwa fainali. Ndiyo bahati ya kwetu ilivyo, inapitia mlango wa jikoni.

Februari 2021 wakaenda Angola kucheza na Primeiro de Agosto. Wakapimwa korona, wakazuiwa Luanda, mechi haikuchezwa. CAF wakaamua mechi zote mbili zipigwe Tanzania. Ya kwanza tukashinda 6-2, ya pili tukafungwa 3-1, tukaingia makundi kwa jumla ya 7-5. Mnyambe nzima siku ile ilikuwa Namungo! Hata wenye laini tatu. Kisha makundi: Raja Casablanca, Pyramids, Nkana. Mechi 6, tumefungwa 6, bao hatukupata hata la bahati mbaya. Watu wakazima laini. Mimi nikatoa karatasi na kuwaonyesha kwamba Raja hakufungwa bao na yeyote katika kundi zima, kwa hiyo kutomfunga Raja ni jambo tulilofanya sawasawa na Pyramids wa Misri. Kijiwe kikatawanyika kabla sijafika kwa Nkana.

Huwa najiliwaza na Wamarekani. Wana mchezo wao wa besiboli, na Chicago kuna timu inaitwa Cubs. Ilitwaa ubingwa mwaka 1908, halafu ikakaa miaka 108 mpaka ikautwaa tena 2016. Mashabiki walizaliwa, wakaoa, wakazeeka, wakazikwa na jezi, na watoto wao wakaendelea kukata tiketi. Sababu waliyokuwa wakiitaja ni mbuzi. Mwaka 1945 mwenye baa mmoja alikwenda uwanjani na mbuzi wake, mbuzi akakataliwa, jamaa akaondoka ameilaani timu. Wakaibeba laana hiyo miaka 71! Hapa kwetu kamati ya ufundi ingemaliza suala lile kabla ya kipindi cha pili, na supu ingekuwepo. Kamati ya ufundi, kwa wageni, haihusiki na ufundi. Ndiyo inayoamua timu iruke ukuta badala ya kupita mlangoni, Bodi ya Ligi ikatoza faini, na fedha ya mipira ikaishia hapo.

Fedha yenyewe ni tatizo la kalenda. Ligi mara nyingi inaanza Agosti, sisi hela yote imelala kwenye salfa, tunanyunyizia mikorosho. Korosho zinauzwa mnadani kuanzia Oktoba, malipo yanakuja, na hapo kila mtu ni shabiki, anaahidi hadi basi la timu. Ikifika Machi, timu inapohitaji nauli, mtu huyo huyo anakuuliza mfuko wa sementi unauzwaje. Ngoma nayo vilevile. Huwezi kushangilia Kusini bila ngoma, lakini Desemba wapigaji wote wamekodiwa kwenye unyago na jando, na kule wanalipwa na kula. Tunashangilia kwa madebe.

Jezi usiniulize. Mnadani utapata ya Simba, ya Yanga, ya Arsenal hadi ya kichanga cha miezi mitatu. Niliulizia ya Namungo, muuzaji akanipa ya kijani yenye nembo ya benki akasema, "Mzee, ukiwa mbali hawajui." Na kwenye kibanda umiza nimetoa mia tano yangu kihalali, Namungo wako hewani kwenye Azam TV, mwenye kibanda kaweka Waingereza. Nikadai haki. Akahesabu vichwa.

"Mzee wangu, nyie mko watatu."

"Mmoja kaenda kununua kahawa. Tuko wanne."

"Basi akirudi mniambie."

Jumamosi tunacheza nyumbani. Safari ni Newala, Masasi, Nachingwea, ndipo Ruangwa, na dereva wa Noah haondoki bila watu saba. Nimezunguka kijiji nikapata wale wa bodaboda tu. Mpwa wangu akasikia, akaja mwenyewe na habari njema: wako kumi na tisa, wanakodi Coaster, nauli yangu watalipa wao. Mpinzani ni Simba.

"Sharti moja tu, mjomba. Wakati wa kurudi usinune, gari linakuwa zito."

Nikamwambia kununa ni haki ya mwenye timu. Wao wafikirie mafuta.