Chaki Sebuleni

Kama na wewe unaishi na mtoto wa kidato cha tatu aliyerithishwa kompyuta mpakato ya zamani, sina haja ya kukueleza mengi. Umeshazoea kuambiwa "subiri, Baba, nihifadhi kwanza" ugali ukiwa unapoa mezani. Ila kama wako anacheza tu michezo iliyotengenezwa na wengine, una nafuu. Wa kwangu anatengeneza wa kwake.

Nyumbani tunamwita Injinia. Mchezo wake ni wa aina ile yenye hadithi ndefu: kijana anatoka kijijini kumtafutia bibi yake dawa, anatembea mji hadi mji, anaongea na watu, anaingia majumbani mwao, na njiani anapambana na mazimwi. Anautengeneza kwa RPG Maker MV, programu ya Kijapani iliyotoka mwaka 2015, ambayo unaweza kuanza nayo bila kujua kuandika msimbo hata mstari mmoja. Unapewa ramani tupu yenye miraba, kisha unapanga vigae: hapa ukuta, hapa sakafu, hapa kitanda. Kila kigae ni pikseli 48 kwa 48, na skrini nzima inaenea vigae 17 kwa 13. Hesabu hizi kwetu wanazijua wote, mpaka mdogo wake wa darasa la nne, Kiranja, aliyejiteua mwenyewe kuwa msimamizi wa kazi.

Nje, mji wake wa kwanza ulipendeza. Minazi ipo, ngalawa zipo, msikiti upo, baraza zipo na wazee wamekaa. Shida ilikuwa mlangoni. Injinia alikuwa amepanga ndani ya nyumba moja tu, akainakili, akaibandika nyuma ya kila mlango. Fundi cherehani, mvuvi, mganga, diwani, wote wana kitanda kushoto, meza katikati, mapipa mawili kwenye kona, rafu ya vitabu, na meko ya ukutani yenye bomba la moshi, kwa sababu hivyo ndivyo vitu vilivyokuja na programu.

Mama yake alikuwa anapita na ungo wa mchele, akasimama nyuma yake. Mke wangu jina lake la humu ndani ni Waziri, na mgeni huelewa sababu kabla hajamaliza kuvua viatu.

"Huyu ni nani?"

"Mvuvi, Mama."

"Mvuvi wa pwani, anaota moto chumbani? Haya, na nyavu anaweka wapi? Mkewe anapikia wapi? Mapipa haya yana nini, mwanangu?"

Injinia akasema vigae vilikuja hivyo. Waziri akapepeta mchele wake, akasema basi huyo si mvuvi, huyo kapanga tu hapo, na akaenda zake jikoni.

Mwenzangu, kuanzia hapo nyumba haikukalika. Injinia akaamua kuchora vigae vyake mwenyewe, na huwezi kuchora mbuzi ya kukunia nazi bila kuwa nayo mbele yako, hata kama nazi imeshapasuliwa na watu wana njaa. Mtungi ukaondoka ukumbini kwenda kupigwa picha. Mkeka wangu wa kuswalia nikaukuta juani uani, umepimwa na kuandikwa namba kwenye daftari la Kiranja. Jiko la mkaa likachorwa kutoka juu, kutoka mbele, likiwa na moto na likiwa limezimika, na kila hali ilidai mkaa wa kweli.

Hapo ndipo aliposhuka dada yangu mkubwa. Watoto wanamwita Shangazi Kabati, na jina amelipata kwa haki: haingii nyumba ya mtu bila kufungua kabati lake, aone unga umebaki kiasi gani, aseme neno. Injinia alimweleza kuwa katika michezo hii kupekua nyumba za watu ni ruhusa. Dragon Quest, iliyoanzia Japani mwaka 1986 chini ya mbunifu Yuji Horii, ni mfululizo ambao umewazoeza wachezaji kuingia nyumba ya mtu wasiyemjua, kufungua madroo, kuvunja mitungi, na kuondoka na kilichomo, mwenye nyumba akiwatazama na kuwasalimia. Shangazi alisisimka. Alikamata kompyuta akaanza kupekua mji mzima wa Injinia, na malalamiko yake yalikuwa ya maana kuliko ya mtu yeyote: "Nimefungua makabati ya watu wote hawa, sijamjua hata mmoja."

Alikuwa mkali pia kwa jambo dogo ambalo mimi nisingeliona. Katika programu ile kila kigae hupewa alama: duara, mtu anapita; msalaba, hapiti; nyota, anapita na kile kitu kinamfunika, kama vile matawi ya mti. Mtungi mpya ulikuwa umebaki na duara. Kijana wa hadithi akapanda juu ya mtungi na kusimama. "Astaghfirullah! Maji ya kunywa hayo!" Shangazi alipiga ukelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Alama ikabadilishwa mbele ya mashahidi.

Lakini aliyemfungua macho Injinia ni shemeji yangu, Mjomba Futi. Huyu ni fundi mwashi, amewahi kukarabati nyumba za Mji Mkongwe kule Unguja, na futi yake haitoki mfukoni hata akija kwenye msiba. Alisikiliza kilio cha Injinia kuwa vyumba vyote vinafanana kwa sababu miraba ni ileile, akamwambia wazee wa pwani walikuwa na kizuizi kikubwa kuliko hicho. Dari zao za mawe na chokaa zililala juu ya boriti za mikoko, na boriti hizo huamua upana wa chumba: mita 2.5 hadi 3 hivi, basi. Ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe na vya Lamu ni vyembamba na virefu. Na bado nyumba hazikufanana. Zilitofautiana kwa urefu, kwa mpangilio, kwa mapambo ya chokaa. Lamu ukivuka daka la mlangoni unaingia kiwandani, yaani ua wa ndani, kisha misana miwili, yaani kumbi mbili ndefu, kisha ndani kabisa, na kadiri unavyosogea ndivyo wanavyopungua watu wenye ruhusa ya kufika. Huko mwisho ukuta umejaa zidaka, yaani vishubaka, na katika kila kidaka mwenye nyumba ameweka kitu alichopenda kionekane.

"Sasa hii yenu," akasema, akigonga ukuta wa kwetu Magomeni. Hii ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, nyuma ua wenye jiko, stoo na choo. "Vyumba sita, upana mmoja. Wapangishe watu sita, rudi baada ya mwaka, utajua cha nani ni kipi hata taa ikiwa imezimwa."

Mimi nakubaliana naye kabisa, na ningependa watengenezaji wa michezo wote wamsikie. Chumba cha muuguzi wa zamu ya usiku kina pazia zito kuliko vingine vyote. Cha fundi cherehani kina meza karibu na dirisha, na vipande vya kitambaa vimemshinda mfagiaji. Mjane aliyeishi na mumewe miaka mingi bado ana mito miwili. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji kigae kikubwa au rangi nyingi. Vinahitaji mchoraji aliyewahi kukaa kwenye vyumba vya watu na kutazama. Injinia aliyaandika yote, akaamua kila kigae chake ni nusu mita, na akatangaza kuwa nyumba ya mganga ataijaribu kwa ukubwa wake halisi kabla ya kuichora.

Wenye watoto mnaona tunakoelekea.

Jumamosi ile tulikuwa tunawasubiri washenga wa posa ya mdogo wangu Mwanaidi. Baba yetu hayupo tena, hivyo barua ilikuwa inakuja mkononi mwangu. Waziri alikuwa jikoni na pilau, mimi nimetoka kufuata soda. Kurudi, makochi yote yako uani. Sebule, ambayo ni mita 3 kwa 4, imechorwa chaki sakafu nzima, miraba 6 kwa 8, kila mraba na alama yake, na majani ya mpera yananing'inia darini kama dawa. Nilifungua mdomo tu nikasikia hodi.

Mshenga mkubwa, mzee wa kanzu na bakora, alivua viatu, akainua mguu, Kiranja akamzuia. "Babu, huo una msalaba. Hapo pana mtungi." Mzee alitazama chini, akarudisha mguu, akapita kwenye maduara mpaka mkekani, na wenzake wakamfuata kwa mstari. Akauliza hii nyumba ya nani. Injinia akasema ya mganga.

"Basi umekosea mlango," mzee akasema. Kwao, mgonjwa hafiki ndani. Anasubiri nje chini ya kibanda, na ndugu zake nao wanahitaji pa kukaa, tena wengine wamekuja na mtoto mgongoni na chakula cha njiani. Akaomba chaki. Barua ikiwa mfukoni, wazee watatu wa heshima wakapiga magoti kupanga nafasi ya wagonjwa, wakibishana benchi likae vigae vingapi kutoka kwenye kizingiti. Hakuna aliyesikia mvua ikianza, isipokuwa Waziri, aliyetokea na sinia la pilau na kuuliza makochi yake yako wapi.

Barua ilipokewa chini, kwenye mkeka, pamoja na fedha za kishika uchumba zilizofungwa kwenye leso safi, na Mwanaidi alikubali. Makochi yalikauka polepole na yana harufu mpaka leo. Waziri ametoa amri: hakuna fenicha kutoka mahali pake. Aliitoa amri hiyo akiwa amekaa mbele ya kompyuta, anakagua nyumba ya mganga, na ameshaagiza mchezo uwe na nyumba ya bibi harusi, yenye kitanda cha nguzo na kabati la kioo.

Injinia anasema kioo ni kazi, kwa sababu anayepita mbele yake lazima aonekane ndani yake, na programu haifanyi hivyo yenyewe. Itabidi atazame kwanza kioo cha kweli kinavyomwonyesha mtu akiwa mbali vigae viwili, vitatu, vinne. Kabati la kioo la nyumba hii liko chumbani kwetu, la mninga, halijasogezwa tangu tuoane. Jana jioni nimemkuta Kiranja mlangoni ameshika futi ya mjomba wake na kipande kipya cha chaki, anauliza tunalala saa ngapi.