Sifa za Kadi ya Kijani

Waswahili wameusifu mnazi, wakalisifu jahazi, wakasifu hata pilau iliyolala. Kadi ya mkazi wa kudumu wa Marekani haijapata msifu. Siku inapoletwa na posta watu huipiga picha, wakairusha kwenye kundi la familia la WhatsApp, vigelegele vikapigwa kutoka Likoni mpaka Minneapolis. Wiki ya pili imefungiwa kabatini na malalamiko yameanza. Wanafunzi ndio walalamikaji wakuu. Basi mimi leo naitetea.

Chukua binti wa Mombasa ambaye wazazi wake walipata viza kwa ile bahati nasibu iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 1990, wakahamia Columbus, Ohio. Binti anataka udaktari. Marekani inamwambia asome kwanza shahada ya miaka minne, kisha ndipo aombe chuo cha udaktari, minne mingine, kwa karo ambayo baba mtu akiiona huvua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Poland inampokea moja kwa moja kutoka sekondari: miaka sita, kwa Kiingereza, na unga unabaki jikoni. Binti anafunga mizigo. Wajomba wanamwombea dua, mama analia, na kadi, kimya kimya mkobani, inaanza kuhesabu siku kama mama mkwe anayehesabu vijiko wageni wakishaondoka.

Haina papara. Siku 180 za mwanzo haisemi neno. Zikipita, sheria inaruhusu mwenye kadi atazamwe mpakani kama mtu anayebisha hodi upya, si mwenyeji aliyetoka dukani akarudi. Ukitimia mwaka mzima, kadi peke yake haimfungulii mlango tena. Nani mwingine maishani mwake anamkumbuka binti huyu kwa usahihi huo? Rafiki zake wa sekondari walimsahau kabla ya Krismasi.

Kila familia ya ughaibuni ina shangazi mwenye dawa ya jambo hili: “Rudi kila baada ya miezi sita, kanyaga tu uwanja wa ndege, umemaliza.” Namheshimu shangazi, ila dawa yake haiponyi. Mtu anaweza kukanyaga uwanja wa ndege mara mbili kila mwaka na bado akaambiwa ameuacha ukazi wake, kwa sababu kinachopimwa si kalenda peke yake. Kinachopimwa ni niya.

Na hapo ndipo kadi inapopanda daraja la kiroho. Sisi wa pwani tumelelewa tukijua kwamba niya iko moyoni na Mungu ndiye aijuaye. Marekani imeajiri ofisa wa kuisoma kwenye kaunta, kwa dakika chache, saa ambayo abiria hata jina lake halikumbuki vizuri. Ulikuwa wapi? Unafanya nini huko? Nyumbani kwako ni wapi? Binti aliyekwenda Poland kupasua vyura anajikuta anajibu swali ambalo masheikh na wanafalsafa wamelizungukia karne na karne, huku nyuma yake foleni inakohoa.

Uzuri ni kwamba jibu analo. Mahakama za Marekani zimezoea kuuliza kama safari ilikuwa ya muda, yenye mwisho unaojulikana, na masomo yana mwisho: barua ya chuo inautaja mwaka. Mfanyabiashara aliyekwenda “kuangalia mambo” Dubai hana barua kama hiyo. Pamoja na barua huja vielelezo vya mapenzi ya nyumbani: leseni ya udereva ya Ohio, akaunti ya benki isiyolala, chumba chake kwa wazazi, kibarua cha likizo ya kiangazi, ritani za kodi. Hasa ritani. Mkazi wa kudumu hutajia serikali ya Marekani mapato yake ya dunia nzima, na akijaza fomu ya asiye mkazi ili apunguziwe shilingi mbili tatu, ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba yeye si wa pale. Hakuna mhubiri aliyefaulu kuwafanya vijana wa miaka ishirini wapende kulipa kodi. Kadi imefaulu. Akiwa mvulana, kuanzia miaka 18 mpaka 25, anatakiwa pia awe kwenye orodha ya watakaoitwa jeshini nchi ikizidiwa; ukarimu huo hawautangazi sana.

Halafu kuna kibali cha kuingia tena, kijitabu kinachofanana na pasipoti, kinachoombwa kwa fomu I-131. Hiki ndicho kito cha taji. Kinampa mwenye kadi ruhusa ya kukaa nje hadi miaka miwili bila ule mwaka mmoja kumfungia mlango. Ila sharti la kwanza la kuomba ruhusa ya kuwa nje ni kuwa ndani: ombi lipelekwe akiwa kwenye ardhi ya Marekani, kisha alama za vidole zichukuliwe hukohuko. Kijitabu chenyewe anaweza kukichukua baadaye kwenye ubalozi. Hakiongezwi muda, kikiisha, safari ya Ohio upya. Na mtu akishakaa nje zaidi ya miaka minne katika mitano ya karibuni, kwa kawaida hupewa cha mwaka mmoja tu. Kwa kozi ya miaka sita, mashirika ya ndege yanapaswa kuitungia kadi wimbo wa shukrani.

Ofisa asiporidhika, anaweza kumsogezea binti fomu I-407 na kalamu. Ni fomu ya kuurudisha ukazi kwa hiari. Hiari kweli: binti ana haki ya kuiacha kalamu pale ilipo na kuomba kusikilizwa na jaji wa uhamiaji, ambako serikali ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha kwamba aliuacha ukazi wake. Wengi huweka saini kwa uchovu tu, wakidhani wanasaini karatasi ya mizigo. Hapa sifa zangu zinapata kigugumizi, lakini naendelea.

Wakati huohuo, huko Columbus, mama anaapa uraia. Mdogo wake binti, mwenye miaka 15 na kadi yake, anayeishi na mama, anakuwa raia siku hiyohiyo bila kushika kalamu wala kuacha mchezo wa kompyuta. Dada mtu ameshapita miaka 18, hayumo.

Anarudi daktari, kadi ikiwa salama. Anauliza habari za uraia wake yeye. Anajibiwa kwamba kibali kililinda mlango, hakikulinda saa: aliyekaa nje mwaka mzima kwa mkupuo, saa yake ya miaka mitano ya uraia imekatika. Kuna fomu nyingine ya kuilinda saa hiyo, kwa baadhi ya wanaotumwa nje na serikali, kampuni au taasisi za utafiti za Marekani, na hata watu wa dini. Mwanafunzi hayumo. Anaweza kuomba uraia miaka minne na siku moja baada ya kurudi. Katika yote niliyoyasifu, hiyo siku moja ndiyo niipendayo zaidi. Kuna mtu ofisini, mwenye mshahara na chai yake mezani, aliyeona minne haitoshi.