Msiba wa Chiriku

Mzee Chura alifariki Jumatatu. Habari zilipofika chini ya mkuyu wanapokutana wanyama, Sungura akauliza kwa niaba ya wote: "Kumbe alikuwa bado hai?" Swala akaapa kwamba yeye alidhani alishazikwa tangu ule mwaka wa ukame. Wakampa pole Bibi Kobe, jirani wa marehemu, kisha wakarudi kwenye mazungumzo ya uhaba wa majani.

Mzee Chura ndiye aliyetunga wimbo wa mvua. Pori zima linaujua. Watoto huuimba kabla hawajasimama sawasawa, na mchwa huuimba wakichimba. Tatizo la wimbo wa namna hiyo ni kwamba hugeuka kama njia ya kwenda mtoni: kila mtu anapita, hakuna anayeuliza nani aliifyeka. Walimzika wanne, Bibi Kobe, Konokono na wajukuu wawili. Fisi, mwenyekiti wa kudumu wa kamati ya misiba, alituma salamu kuwa ana udhuru. Marehemu alikuwa amekonda mno.

Alhamisi Chiriku akanaswa kwenye tanzi.

Chiriku! Kijana wa misimu miwili tu, manyoya kama jua la asubuhi. Wimbo wa kwake mwenyewe alikuwa nao mmoja, na ulimsifu yeye. Lakini tusimdhulumu maiti: aliuimba vizuri, na makinda yatima aliwalisha pasipo shahidi. Pori likasimama. Pundamilia walijipaka tope ili mistari yao myeupe isionekane. Tumbili, aliyekuwa akimrushia maganda ya ndizi kila akiimba, alizimia mara tatu, na kila mara alitazama kwanza kama wapo wa kumdaka. Zikashonwa sare za majani ya mgomba. Aliyekuja bila sare aliulizwa kama kweli alimpenda marehemu. Fisi alikusanya michango, akaunda kamati ndogo ya chakula, akaiongoza mwenyewe.

Kunguru, aliyekuja matembezi kutoka Dar es Salaam, alisema hayo kwake si mageni. Aprili 2012 alikuwa mtini pale viwanja vya Leaders, Kinondoni, binadamu walipomuaga Steven Kanumba, mwigizaji aliyefariki akiwa na miaka 28.

"Chini sikuona pa kutua," alisema. "Na msidhani walikuwa wanaigiza. Yule kijana alikuwa anaingia majumbani mwao kila jioni kwa video. Kafa wakiwa bado wanamtazama, hajawapa nafasi ya kumchoka." Akanyamaza kidogo, akajikuna kwa mdomo. "Ila juzi nimetua juu ya bati la kinyozi, redio inapiga 'Shida' ya Mbaraka Mwinshehe, aliyekufa kwa ajali ya gari mwaka 1979. Kijana anayenyolewa anaufuata wimbo neno kwa neno. Ulipokwisha akauliza, huyu anayeimba ni nani?"

Fisi alitaka kujua tu kama pale Leaders kulikuwa na chakula.

Siku ya maziko jukwaa lilikuwa la Kasuku, mshereheshaji. Alieleza kwa kirefu jinsi yeye na marehemu walivyokuwa ndugu wa damu. Zikafuata hotuba saba, sita zikiwahusu wahutubiaji. Kisha, mwili uliposhushwa, Kasuku akaomba wimbo mmoja ambao hakuna atakayeshindwa kuuitikia, na wote kwa pamoja, bila kupanga, wakaanza wimbo wa mvua. Hapo ndipo kilio cha kweli kilipotoka. Tumbili alilia bila kuzimia. Nyumbu walilia, mchwa walilia, hata Fisi aliacha kutafuna.

Bibi Kobe alijikokota mpaka mbele. Ilimchukua beti zote kufika.

"Kasuku mwanangu, huu wimbo wa nani?"

Kasuku akapekua karatasi zake. "Ni wimbo wa asili, bibi. Hauna mwenyewe."

Bibi Kobe akamtazama, akaurudisha uso wake ndani ya gamba.

Kwenye arobaini ya Chiriku walifika wachache. Asubuhi hiyo Twiga, mcheza ngoma anayependwa na pori zima, alisikika akikohoa. Fisi alijifuta mdomo, akaenda kumjulia hali.