Maharage ya Samaki

Siku ya tatu gunia la maharage lilianza kuota. Halikuwa shambani. Lilikuwa sebuleni kwetu hapa Titye, mlimani mkoani Kigoma, limeegemea ukuta nyuma ya mlango, kilo mia kamili ambazo mke wangu alikuwa akizisubirisha bei ipande. Chipukizi zilichomoza kwenye vitundu vya gunia, chini kabisa, kama vidole vya mtoto anayechungulia. Mke wangu aliziangalia, akaniangalia mimi, kisha akasema kwa ule upole ninaouogopa kuliko kelele, "Baba, bahari yako imefika."

Kisa kilianzia kwenye simu. Mimi ni mwalimu wa jiografia, na miaka yote nimefundisha matumbawe kwa picha moja ya kitabu, nyeusi na nyeupe, ambayo wanafunzi huishangaa wakidhani ni ubongo wa mbuzi. Usiku mmoja nikaona video ya mtu mwenye bahari sebuleni: tangi la kioo, matumbawe yanapepea, samaki wa rangi ya chungwa wanapenya katikati, na juu yake mwanga wa bluu kama ndoto. Nikajiambia, hata mimi.

Mtu mwenye akili angeanza na tangi. Mimi nilianza na taa. Niliiagiza Kariakoo, ikaja kwa basi imeviringishwa kwenye shuka kama mgonjwa. Taa za matumbawe ni za bluu kwa sababu maji ya bahari humeza mwanga mwekundu kwanza, na bluu ndiyo inayoshuka mbali. Na ndani ya nyama ya matumbawe vimepanga vimwani vidogo sana, ambavyo hula mwanga huo na kulipa kodi kwa sukari. Somo safi kabisa. Kasoro yake ni moja: bahari iko mwisho wa pili wa Reli ya Kati, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Kigoma mjini, na matumbawe hai si abiria wa kukaa njiani siku mbili.

Sikukata tamaa upesi. Bahari ina chumvi gramu 35 hivi kwa kila lita. Tangi la lita 225 linataka karibu kilo nane. Na chumvi sisi tunayo! Uvinza ipo hapo chini, watu wanachemsha maji ya chemchemi zake kupata chumvi tangu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Nikarudi na mfuko begani. Mke wangu akauliza tunahamia wapi. Nilikuwa nimeshakoroga ndoo ya kwanza nilipokumbuka ninachofundisha mwenyewe kila mwaka: chumvi ya mezani si bahari. Bahari ina magnesi, ina kalsi, ina mengine mengi, na mifupa ya matumbawe hujengwa kwa hiyo kalsi. Nilichotengeneza ni mchuzi usio na samaki. Ndoo ile iliishia kwenye maembe mabichi ya watoto.

Hapo ndipo akili ilipogeuka kutazama nyumbani. Ziwa Tanganyika nalo lina miamba yake, na kwenye miamba hiyo wanaishi samaki wadogo ambao Wazungu hulipa pesa nzuri kuwaona ndani ya kioo, wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Kuna mmoja aitwaye duboisi: utotoni ni mweusi mwenye madoa meupe kama anga la Julai, akikua madoa yanafutika anabaki na mkanda mmoja mpana mwilini. Hana haja na taa ya bluu. Lakini taa ilikuwa imeshanunuliwa.

Tangi alilitengeneza fundi wa madirisha ya alumini. Mabomba nikamwita fundi ambaye amefunga maji karibu nusu ya kata. Nikamchorea: maji yakijaa juu yanaingia kwenye bomba la inchi moja, yanashuka kwenye diaba lililofichwa ndani ya kabati, yanapita kwenye sponji na kokoto yanatakata, halafu pampu inayarudisha juu kwa bomba la nusu inchi.

"Kwa hiyo yanashuka ili yapande?"

"Ndiyo."

"Yanapanda ili?"

"Yashuke."

Akaweka spana chini. "Mwalimu, nikupe bei ya kazi, au bei ya kukutunzia siri?"

Alifanya kazi nzuri, sitaki kumwonea. Kila elbo ilikaa, kila uzi ulifungwa tepu nyeupe, hakuna tone lililovuja. Ushauri wake ulikuwa mmoja tu: mdomo wa bomba la kurudishia tuuzamishe ndani sana, maji yasipige kelele kama choo kinachojaa. Nikakubali kwa furaha. Maji tuliyajaza ya chemchemi, ambayo huku mlimani ni laini, sabuni hutoa povu hata hujaisugua, nami nikayatia magadi kidogo kidogo ili yafanane na ya ziwani, ambayo ni ya kimagadi. Wakaja duboisi sita kutoka Kigoma, ndani ya mfuko wenye hewa, juu ya mapaja yangu. Nikaujaribu mfumo wiki nzima. Haukukosea hata mara moja. Ila wiki hiyo nzima umeme ulikuwepo, na kwa huku kwetu hicho si kipimo.

Mvua za kwanza za Novemba zikaja na radi, na usiku umeme ukaondoka. Pampu ikanyamaza. Kijana yeyote aliyewahi kunyonya petroli kwa mpira anajua kinachofuata. Mimi mwenye stashahada sikujua. Bomba la kurudishia lilikuwa limejaa maji, mdomo wake umezama juu, mkia wake uko chini ndani ya diaba. Pampu ilipoacha kusukuma, maji yakaanza kurudi kwa njia ileile, kimya, kwa adabu. Tangi ni sentimita 100 kwa 45, maana yake kila sentimita moja ya maji ni lita nne na nusu. Mdomo wa bomba ulizama sentimita kumi: lita 45. Diaba lilikuwa na nafasi ya lita 15. Lita 30 zilizobaki zikatafuta pa kulala, zikapata gunia.

Fundi alikuja asubuhi. Akasikiliza, akachoma msumari kwenye jiko la mke wangu, akatoboa bomba la kurudishia sentimita moja tu chini ya usawa wa maji. Maji yakishuka mpaka kwenye tundu, bomba linavuta hewa na kunyonya kunakoma. Shilingi elfu mbili. Chipukizi zilipotokea, mke wangu aliyachagua maharage yaliyolowa, akayapanda nyuma ya nyumba bila kusema neno.

Sasa nikawa na nafasi ya kujivunia taa. Dirisha letu linatazama barabara. Jioni ya kwanza alisimama bodaboda: "Kaka, kuna ya baridi?" Wakafuata wawili, wakaketi kabisa kwenye baraza. Siku ya tatu akaja mama mmoja amejitanda kanga mpaka machoni, akaniuliza kwa kunong'ona kama mtaalamu anapokea wagonjwa hata mchana.

Kisha wakaja kumbikumbi. Wavuvi wa dagaa wamejua siku zote: usiku usio na mwezi washa karabai katikati ya ziwa, viumbe vitakufuata vyenyewe. Mimi nilifanya hivyohivyo mlimani, bila wavu. Waliingia kwa ndoo. Watoto walikaanga wakashiba; walioangukia majini wakaliwa na duboisi. Na utumbo wa duboisi ni mrefu, umeumbiwa kukwangua mwani kwenye mawe, haujaumbiwa karamu ya nyama. Mmoja alivimba tumbo akafa. Tulimzika chini ya mgomba, maana binti yangu alikataa apewe paka.

Na mimi taa niliiwasha saa kumi na nne kwa siku, uroho tu. Mwani ukafunika kila kitu. Konokono waliokuja na mawe wakaona neema, wakazaana. Mmoja, mdogo kuliko punje ya dengu, akatafuta chumba chenye utulivu, akaingia kwenye tundu la msumari. Usiku huohuo umeme ukaondoka.

Nikiwa nakamua tambara saa tisa usiku nilijifariji kwa jiografia. Ziwa Tanganyika lenyewe, kina mita 1,470, lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga upande wa Kongo. Katika miaka ya 1870 mlango huo ulikuwa umezibwa na matope na matete, maji yakapanda, mpaka mwishoni yakabomoa kizuizi na ziwa likashuka mita kadhaa. Nilimweleza mke wangu kwamba hata ziwa limewahi kumwagika. Akaniambia ziwa halina mazulia.

Siku hizi matundu ni matatu, taa inazimwa saa mbili usiku, na gunia linakaa juu ya viti viwili. Mwezi wa pili alikuja baba mdogo kutoka Kibondo. Alilitazama tangi muda mrefu, mikono nyuma, kama anakagua ng'ombe mnadani.

"Hawa mnawala lini?"

Mke wangu alikuwa anaingia na ugali na bakuli la maharage ya nyuma ya nyumba, yamekaangwa kwa mawese. "Karibu, baba. Ndio hao."

Baba mdogo akanawa, akamega tonge, akachovya, akatafuna polepole huku akiliangalia tangi. Akasema hawana miiba kabisa.