Maombi ya Kujengewa Kichaka

Kwa Mkuu unayepanga trafiki gani akae wapi kwenye barabara kuu.

YAH: KICHAKA CHA KUDUMU KWA AJILI YA MWENYE TOCHI

Shikamoo Afande.

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni madereva wa magari madogo. Tunakuandikia tukiwa na leseni hai, bima hai, taa zote zinawaka, pembetatu mbili ndani ya buti, na mtungi wa kuzimia moto ambao kijana wako ameutikisa, ameugeuza, kisha ameturudishia kwa masikitiko. Tunayataja haya mapema ili mtu asipate tabu ya kulizunguka gari mara ya tatu.

Kilichotusukuma kuandika ni huruma. Umemvika kijana wako nyeupe kuanzia kofia hadi suruali. Aliyeibuni sare ile bila shaka alitaka dereva amwone trafiki angali mbali, aondoe mguu kwenye mafuta, wote wafike salama. Nawe ukamchukua mtu huyo anayeng'aa hivyo, ukamkabidhi tochi ya kupimia mwendo, ukamwambia aingie porini ajifiche.

Tumemwona, Afande. Kila mtu anamwona, akishapita. Amechuchumaa nyuma ya kijiti chenye majani yasiyotosha hata mbuzi mmoja. Anapiga picha, anaituma kwa WhatsApp kwa mwenzake aliye mbele, na mwenzake anatupungia mkono na kutuonyesha simu: "Hii gari si yako? Soma hapo." Tunasoma: 58. Kibao cha kuanzia 50 tulikiona, kinang'aa kama kimepakwa rangi jana. Kibao cha kumalizia 50 kiligongwa na lori, hakuna aliyekiinua, kwa hiyo kijiji kilichoishia kwenye mashine ya kusaga kinaendelea, kwa hesabu za tochi, hadi katikati ya mkonge. Faini elfu thelathini.

Basi tunaomba, kwa unyenyekevu mkubwa, kijana ajengewe kichaka.

Kiwe kichaka rasmi, chenye hadhi ya serikali. Matangazo yako ya ajira hutaka mwanamume asipungue futi 5 na inchi 8. Ni kimo kizuri kwa gwaride, lakini kwa kichaka cha Agosti, wakati porini kumebaki fito, ni kirefu mno. Ama mpunguze urefu wa waombaji, ama muongeze urefu wa vichaka. Sisi tunapendekeza la pili, maana mtu amezaliwa na kimo chake, kichaka hupandwa.

Kuhusu aina ya mmea, tumeketi na kujadiliana. Minyaa haikauki hata Dodoma, lakini utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa, na jicho ndiyo mali ya mwenye tochi. Michongoma itamchana suruali nyeupe. Tumekubaliana juu ya mwarobaini: hubaki kijani, hufukuza mbu, na afande akipata homa kazini anachuma majani papo hapo bila kuomba ruhusa. Upogolewe kila mwezi, na liachwe tundu moja la upana wa lenzi, likitazama upande wanakotokea watu wasio na habari.

Ndani kuwe na kigoda, maana kuchuchumaa kwa saa nane si kazi ya mtu aliyepitia depo. Kuwe na mtungi wa maji na chaji ya simu, kwa kuwa simu ikizima picha haziendi na taifa linapata hasara. Kwa zamu za mbali kitengenezwe kichaka cha magurudumu, kinachovutwa na pikipiki, kikitangulia msafara wa mapato.

Lipo pia suala nyeti la abiria. Mabasi husimama ili watu wachimbe dawa, na si mara moja mama mtu mzima ameingia porini kwa shida yake akakutana na afande ana kwa ana. Ni aibu kwa pande zote mbili. Tunaomba kibao: "Kichaka cha Serikali. Chimbeni dawa ng'ambo." Siku ya uzinduzi aje mkuu wa wilaya akate utepe, kwaya iimbe, na kwenye jiwe la msingi yaandikwe maneno ya kweli: kimejengwa kwa nguvu za wananchi, elfu thelathini thelathini.

Ila usidhani tunaichukia sheria ya mwendo. Nchi iliyozika wanafunzi 32, walimu wao wawili na dereva wao kwa ajali moja ya Karatu, Mei 2017, haiwezi kumchukia anayemwambia dereva apunguze. Tunachouliza ni kwa nini mtu huyo hayupo kwenye kona. Kila anayezipita barabara hizi anazijua kona zake: ile yenye misalaba pembeni, ile ambayo vioo vilivyosagika havijafagiliwa, ile ambayo konda mwenye maneno mengi akiikaribia ananyamaza. Pale hapana tochi. Tochi iko kwenye mteremko ulionyooka, nyumba zimekwisha, mchana kweupe, gari linajiendea lenyewe na hesabu ya siku inatimia kabla ya chai ya saa nne. Kama shida yenu ni mwendo, mbona mnauacha upite ndipo mpige picha? Picha haijampunguza mwendo mtu yeyote. Mtu aliyevaa nyeupe akisimama wazi kabla ya kona humpunguza, hata asiponyanyua mkono.

Na lile basi je? Mabasi yamewekewa 80. Lililotupita mlimani, kwenye mstari usiokatika, halikuwa na habari hiyo. Tukalikuta kwenu limesimama. Konda akashuka na leseni ya dereva mkononi, akazunguka nyuma ya basi, akarudi akiwa mwepesi zaidi, wakaondoka. Sisi tukaachwa juani tukihojiwa mtungi umekaguliwa lini. Basi zima la watu, Afande, wenye watoto mapajani, liliuzwa mbele ya macho yetu kwa bei ya soda, na aliyeliuza alikuwa amevaa sare tuliyomnunulia sisi. Hatutaki kuambiwa ni wachache. Wachache hao hao ndio tunaokutana nao kila safari.

Utuwie radhi. Jua lilikuwa kali. Tuendelee na maombi madogo madogo.

Kibao cha kumalizia 50 kiinuliwe. Kama nguzo ni ghali, vijana wa kijiji wako tayari kukishika kwa zamu.

Kijana wako akishatusomea kosa hutuuliza, "Sasa tunafanyaje?" Tunaomba arudishwe darasani. Aliyefundishwa kazi ni yeye. Haipendezi atuulize sisi.

Bodaboda walipunguziwa faini kutoka elfu 30 hadi elfu 10 mwaka 2021. Tunauliza kama tukifika kwenu na tairi mbili tu mtatufikiria.

Stika za Wiki ya Nenda kwa Usalama zimejaa kioo. Tunaomba tuachiwe nafasi ya kuonea barabara.

La mwisho ni la haki za wafanyakazi. Madereva wanaotoka mbele hutupigia taa kututahadharisha kwamba mpo. Taa ikipigwa, msururu mzima unashuka hadi 50, malori, mabasi, hata yule wa gari la serikali asiyepunguzaga. Kijana wako hukasirika na kusema tunaharibu kazi. Sisi tulidhani kazi ndiyo hiyo. Kwa kuwa madereva hao wanapunguza mwendo wa nchi nzima bila tochi, bila mshahara na bila kujificha, tunaomba walipwe posho, na ikiwezekana wavishwe zile sare nyeupe, kwani zilizopo hazitahitajika tena vichakani.

Miche ya mwarobaini tuko tayari kuichangia. Tutaileta wenyewe, kwa mwendo wa 49.

Ni sisi watiifu wako,
Madereva wa magari madogo.

Nakala:
Mwenye tochi, kichakani (atumiwe kwa WhatsApp).
Konda wa basi lile (hana haja ya kusoma, yeye alishaongea).